Jina Hili Lina Mwenyewe?

Kifurushi cha dagaa kilifika Jumanne, kimeshonwa kwa uzi wa nailoni kama vilivyoshonwa vyote vilivyotangulia. Nilipokifungua, harufu ya mwalo wa Ujiji, ule ufukwe wa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, ikajaa jikoni kwangu hapa Dar es Salaam, hadi jirani wa juu akafunga dirisha lake kwa kishindo. Mwacheni afunge. Aliyenitumia dagaa hao alikuwa ameshazikwa. Habari za msiba zilikuja kwa simu, dagaa wakaja kwa basi, na basi halikujua kwamba lingepaswa kuwahi. Nikakaa kwenye stuli nikiwachambua mchanga na vijiti, nikilia kidogo kidogo, ndipo binti yangu akatokea mlangoni na kalamu mkononi. Alikuwa amepewa kazi ya shule ya kutunga hadithi.

"Mama, huyu anayekufa nimwite nani?"

Mkono wangu ulisimama ndani ya ungo. Nilimwambia asubiri kidogo, nitamjibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaogopa, na hofu hiyo ni ya zamani kuliko yeye.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Muha wa Kalinzi, aliteremka ziwani kwa kuolewa na ziwa lenyewe hakulipenda hata siku moja. Mtaani kwetu hakuna aliyemfikia kwa kusimulia hadithi, lakini alikuwa na sharti lake ambalo sijalikuta kwa mtu mwingine tena. Kabla hajampa jina mtu wa kwenye hadithi, hasa yule atakayepatwa na baya, alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza, "Jina hili lina mwenyewe?" Tulipaswa kufikiri kwelikweli. Kama hakuna aliyemjua mtu wa jina hilo, tuliitikia kwa pamoja, "Halina mwenyewe!" na hadithi ikasonga. Lakini mmoja wetu akikumbuka kwamba ana binamu kule Mwandiga anayeitwa hivyo, au kuna mama muuza maandazi, Bibi alilitupa jina hilo papo hapo akatafuta jingine. Kuna siku tulitupa majina mengi mno, hadi tukaitwa kula hadithi haijaanza.

Kwa watu wa Bibi jina halikuwa pambo. Lilieleza nyumba ilikuwa na hali gani mtoto alipozaliwa, kama kulikuwa na njaa, au ugomvi, au msiba, au kama waliotangulia walikuwa mapacha. "Ukimuua mtu kwenye hadithi kwa jina la mtu aliye hai," alituambia, "unampelekea kile kifo mlangoni kwake, na yeye hajui nani kakituma." Alisema hivyo huku akimenya mihogo, kwa sauti ileile ya kuomba apewe kisu. Angetutisha kwa makusudi, labda tungecheka.

Basi ikatokea dada yake Bibi akaugua, Bibi akapanda Kalinzi kumuuguza. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yangu alikuwa anaanika dagaa mwaloni, na kazi yetu sisi watoto ilikuwa kufukuza kunguru kwa fito ndefu zenye matambara. Ni kazi ya kuchosha kwa sababu kunguru hachoki. Wenzangu wakaniambia niwasimulie hadithi, kwani mimi si mjukuu wa yule bibi? Nikajitia ukubwa, nikakubali. Aliyeshadidia kuliko wote alikuwa Butoyi, pacha mdogo wa nyumba ya pili, msichana asiyejua kungoja kitu chochote, hata ugali uive.

Hadithi nilikuwa nazo. Kilichonishinda ni majina. Ujiji ina watu, jamani. Nikitaja Zainabu, kila mtoto ana Zainabu wake. Nikitaja Anastazia, ndiye mama yake Butoyi. Kila nililolishika lilikuwa na mwenyewe, na sharti la Bibi sikuthubutu kulivunja ingawa mwenyewe alikuwa mbali mlimani. Ndipo nikaziona boti. Zilikuwa zimepangwa pale mchangani, kila moja na jina lake limepakwa rangi ubavuni, na mimi nikawaza kwamba boti ni mbao, na mbao haifi. Kuanzia siku hiyo mfalme wa hadithi yangu aliitwa Wivu wa Nini, na mdogo wake mwizi akaitwa Tutafika. Watoto walicheka hadi kunguru wakaruka wenyewe.

Mwisho kabisa wa mwalo, karibu na matete, kulikuwa na boti iliyopinduliwa ikakaa hapo muda mrefu, nyufa zimeachana, kuku wanatagia chini yake. Ubavuni ilikuwa na herufi za buluu zilizopauka: NZOKIRA. Nililipenda jina hilo nikaliwekea hadithi yake peke yake. Nikauliza kama Bibi anavyouliza, nikawatazama mmoja mmoja. "Jina hili lina mwenyewe?"

"Halina mwenyewe!"

Nzokira wangu alikuwa msichana aliyependwa na ziwa. Mwanzoni ziwa lilimletea zawadi, samaki na makombe, likiziacha pale anapochotea maji. Halafu likaanza kumtaka yeye. Kila siku, akienda kuchota, maji yalipanda kidogo zaidi, leo vifundoni, kesho magotini, keshokutwa kiunoni, na yeye hakuona kitu. Niliwaambia watoto kwamba siku atakayopanda boti, ziwa litamchukua. Sijui niliyatoa wapi hayo. Waling'ang'ania fito zao, na mimi, nawaambia kweli, nilifurahia kuwaona wakiogopa.

Asubuhi moja tulikuta ile boti imegeuzwa. Fundi alikuwa amepiga magoti anaikalafati, anashindilia pamba kwenye nyufa kwa patasi na nyundo, na pembeni yake amesimama mwanamke mrefu ambaye sikuwahi kumwona. Akaja tulipo, akamwamkia mama yangu kwa Kiha, "Mwakeye, mama," lakini matamshi yake yalikuwa na Kirundi ndani yake. Mama akaitikia, wakaulizana ya nyumbani, kisha Mama akamwuliza anaitwa nani.

"Naitwa Nzokira."

Ufito uliniponyoka. Mtu mzima angewaza mara moja kwamba boti ile iliitwa kwa jina lake. Mimi niliwaza kinyume chake, kwamba mtu ametoka kwenye hadithi. Na nilipomtazama vizuri nikaona kitenge chake kimelowa, kimeshikana na mwili, na maji yameishia kiunoni palepale nilipokuwa nimemwacha hadithini jana yake. Alikuwa ametoka kusukuma mitumbwi ya jirani ili fundi apate nafasi, lakini hilo lilinijia kichwani baada ya miaka. Siku ile niligeuka nikatapika kwenye mchanga, na Mama akasema ni muhogo mbichi.

Nilikuwa na sababu ya kuzidi kuogopa, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu. Aliniita mdogo wangu, alinikatia kipande cha muhogo wake wa kuchoma, alinifundisha kufunga tambara kwenye ufito lisilegee. Alisema boti ilikuwa ya marehemu baba yake. Nyufa zikishazibwa ataitia mashine ya kukodi na kwenda Kagunga, kule mpakani na Burundi, kufuata mawese, na yeye mwenyewe ataongozana na mzigo kwa sababu wanaume aliowatuma kabla walimletea madumu nusu na maneno mengi.

"Wewe mwenyewe utapanda?" nikamwuliza.

"Nisipopanda mimi atapanda nani?"

Tangu hapo nilikuwa na kazi moja duniani, kuhakikisha hadithi haifiki mwisho. Nilimrudisha Nzokira nchi kavu nikamwoza. Nikamfanya augue ili asiende kuchota maji. Nilijaribu hata kumbadilisha jina, nikasema kumbe siku zote alikuwa anaitwa Tuombe Heri, jina la boti iliyokuwa pembeni. Butoyi akaruka juu.

"Wee, usituzungushe! Huyu ni Nzokira. Sisi tumeshaitikia."

Na kweli walikuwa wameshaitikia. Usiku nililala nimejifunika shuka hadi kichwani, nikisikiliza nyundo ya fundi ambayo haikuwepo. Chakula kilinipita kwa shida. Mama alinipeleka kwa mama mmoja aninywishe mizizi ya minyoo, na mimi nikainywa bila kubisha, kwa sababu nilikuwa na hakika nastahili kitu kichungu.

Nilichoombea ni mwezi. Nyote mliokulia ziwani mnajua kwamba dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Pasipo dagaa hakuna cha kuanika, hakuna kunguru, watoto hawakai pamoja, hadithi inalala. Kila jioni niliutazama mwezi unavyonenepa nikaona kama unanihurumia. Hatimaye ukajaa. Vichanja vya kuanikia dagaa vikabaki vitupu, nikapumua.

Kwa hiyo sikuwepo mwaloni asubuhi boti ya Nzokira ilipoingizwa majini. Nilikuwa bombani na ndoo, kwenye foleni. Butoyi akaja anahema.

"Nzokira kaondoka! Kapanda boti!" Kisha, kwa furaha yote, akaongeza, "Na mimi nimewamalizia wenzetu hadithi, maana wewe unaringa. Nimewaambia ziwa limemmeza, kaenda chini kabisa, basi, imeisha."

Niliacha ndoo kwenye foleni nikakimbia. Mwaloni palikuwa na alama tu ya boti ilivyoburutwa mchangani, na ziwa limetulia. Utulivu ule ulinitisha kuliko kelele yoyote. Nilikaa pale hadi Mama alipokuja kunitoa kwa kunivuta sikio.

Upepo ulianza siku iliyofuata, ule unaotoka upande wa Kongo. Mchana ulitia giza, mabati yakapiga kelele mtaa mzima, na mawimbi yakapanda hadi kwenye vichanja. Ulipotulia, watu walikuwa wamejikusanya ufukweni, wanaume wamefumbata mikono. Hakuna aliyesema neno mbele ya watoto, na ndivyo watoto wanavyojua. Halafu nikaliona. Dumu la njano, la mawese, linakuja lenyewe polepole, linagusa mchanga, linarudi, linagusa tena. Mwanaume mmoja akaliokota, akalitikisa. Lilikuwa tupu. Mwanamke nyuma yangu akaanza kusali.

Bibi alirudi kutoka Kalinzi jioni hiyohiyo, na mkungu wa ndizi na kanga imejaa maharage. Hata shikamoo sikumpa. Nilimwangukia miguuni nikamweleza yote kuanzia Wivu wa Nini. Nilitegemea mojawapo ya mambo mawili, anipige au acheke. Hakufanya hata moja. Aliutua mkungu taratibu, akageukia upande wa ziwa, yeye ambaye siku zote alilipa mgongo. Mpaka leo naona hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko yote, kwamba Bibi naye ameogopa.

"Jina ulilitoa wapi?"

"Kwenye boti, Bibi. Mbao haina—"

"Mwana wanje, mwanangu, mtu hapaki jina la bure kwenye boti." Akakaa kwenye gogo. Akawaza. "Butoyi alipomalizia, aliuliza kwanza?"

"Hakuuliza."

"Basi hakumaliza kitu. Hadithi iko kwa aliyeuliza. Kawaite wenzako."

Kesho yake asubuhi alituketisha wote kwenye vichanja vitupu, naye akakaa kwenye mchanga chini yetu, akaniambia niendelee. Nilianzia pale Butoyi alipomwacha, chini kabisa. Sauti yangu ilikuwa inakatika. Nilisema Nzokira alipofika chini alikuta mchanga, akasimama. Nilisema akaanza kutembea. Kila nilipoishiwa, Bibi alisema, "Endelea." Nikampitisha kwenye mawe, nikampitisha kwenye matete ya chini ya maji, nikamkutanisha na samaki kuhe akamwuliza njia. Butoyi alikuwa analia waziwazi, ametambua kilichokuwa kinaendelea, na kila nilipotulia ndiye aliyenivuta kanga, "Endelea, tafadhali."

Mama akapita na beseni, akasimama. "Mama, watu wanatafuta boti, wewe umekaa unasikiliza hadithi?"

"Na sisi tunatafuta," Bibi akamjibu, bila kugeuka.

Sikumaliza. Jua lilikuwa limevuka utosi nilipomfikisha mahali maji yanapoanza kupungua, kiunoni, magotini, na hapo ndipo kelele zilipotoka kwa wavuvi. Boti mbili zilikuwa zinakuja, moja ikivuta nyingine kwa kamba. Ile ya nyuma ilikuwa na herufi za buluu. Mashine ilikuwa imewafia njiani wakirudi, wakamwaga mawese na kutupa madumu kupunguza uzito, wakasukumwa na upepo hadi kwenye ghuba wakajibanza humo hadi walipopata wa kuwavuta. Nzokira aliruka kabla boti haijagusa mchanga, akaja kwa miguu ndani ya maji, kiunoni, magotini. Watoto wengine walikimbia kumlaki. Mimi nilibaki kwenye kichanja nimejikojolea.

Siku chache baadaye alikuja nyumbani kwetu, kwani Butoyi hakuwa mtu wa kuficha neno. Nilijificha nyuma ya pipa la maji nikasikiliza. Bibi alimwomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, kwa maneno mazito ya Kiha. Nzokira alimwomba aketi. Kisha akasema kwamba yeye si Nzokira wa kwanza.

"Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi usiku, wakikimbia, na mtoto mmoja wa kike. Mama aliumwa sana na mimba ya huyo mtoto, ndipo wakampa hilo jina, kwa Kirundi ni kusema nitapona. Boti ilijaa watu. Wimbi lilimchukua akiwa mgongoni kwa mama, kitenge kikabaki." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi. "Mimi nilizaliwa hapa Ujiji, nikapewa jina lake, na hapa nilikaa hadi nilipoolewa mbali. Na baba alipopata uwezo akatengeneza boti, akalipaka. Alisema ziwa lilimchukua mara moja, basi sasa litambeba kila siku na kumrudisha. Mzee wangu kila asubuhi alikuwa anasimama pale mwaloni. Mama anamwekea chai, haigusi. Mpaka aone lile jina linarudi, ndipo anywe."

Nyuma ya pipa nilizidi kujikunyata. Siku zote hizo niliogopa jambo litakalokuja, kumbe lilishapita kabla sijazaliwa. Nilidhani nimetunga. Alikuwepo mtoto wa kweli, wa jina hilohilo, ambaye ziwa lilimchukua kutoka kwenye boti, na mimi nilikuwa nimemsimulia kama mchezo wa kufukuzia kunguru. Nilitazama uso wa Bibi nikingoja aseme neno la kuliweka sawa. Alimshika Nzokira mkono tu, wakakaa hivyo.

Nzokira ndiye aliyeniona. "Mdogo wangu, toka huko," akasema. "Njoo unimalizie. Nimesikia umeniacha magotini."

Nikatoka, nikamwambia mwisho, kwamba alifika nchi kavu. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia ni mwisho mzuri, na kwamba baba yake angeupenda.

Boti ile ilimpatia biashara, na biashara ikampatia nyumba Mwandiga, mbali kidogo na maji. Nilipohamia huku alianza kunitumia dagaa, na hakuacha. Amefariki kitandani kwake, wanawe wamemzunguka, kwa ugonjwa wa kawaida wa watu wenye umri. Ziwa halikumpata. Niliposikia msiba nililia, na chini ya kilio nikasikia kitu kimefunguka ambacho kilikuwa kimekaza tangu utoto. Ningekuwa mwongo nikisema hakikurudi kukaza tena pale mlangoni pa jiko.

Kwa maana binti yangu hakuwa ameondoka. "Nimefikiria nimwite Nzokira," alisema. "Shangazi Nzokira si ameshakufa? Sasa jina halina mwenyewe."

Sharti nimemfundisha mimi mwenyewe, na kwa sharti lile alikuwa sahihi kabisa. Nikauweka ungo chini badala ya kuitikia.

"Kwenye hadithi yako kuna anayerudi?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Hakuna. Wote wanazama."

"Mtafute mmoja arudi. Huyo ndiye umwite Nzokira."

Alinuna kidogo, akasema itabidi afute ukurasa mzima, akaenda. Nilimaliza kuchambua dagaa, nikajimiminia chai, nikaiweka mbele yangu. Kupitia ukutani nilisikia anafuta, anaandika, anafuta tena. Chai ilikuwa imeshaweka utando juu alipoita kutoka chumbani.

"Mama, karudi!"

Ndipo nikainywa.